Nani Anakohoa Karibu na Mtoto?

Wanangu mnaoanza kazi, mabango mnayo. Yamebandikwa kwenye kila mlango wa zahanati: funika mdomo unapokohoa, fungua madirisha, vaa barakoa ukiwa na kikohozi, wahi kupima. Aliyeyaandika hakukosea hata neno moja. Mimi nimekaa kwenye kliniki ya kifua kikuu hapa Mwanza tangu nikiwa binti mpaka mvi zikanikuta palepale kwenye kiti, na sina neno la kuongeza kwenye mabango hayo. Ninachoweza kuwaongezea ni watu. Bango halikwambii mtu anapoficha kikohozi anakuwa anaficha nini.

Majina nitakayotaja nimeyabadilisha. Mengine niacheni niyaseme kama yalivyotokea.

Nilipoanza, nilikabidhiwa kwa Sista Anastazia, Mhaya mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Yeye mwenyewe alishawahi kuugua kifua kikuu akiwa kazini, akameza dawa akapona, lakini pumzi yake haikurudi yote. Akipanda mlima wa Kirumba ilibidi asimame mara mbili tatu, na akisimama alikuwa anajifanya anatazama ziwa. Siku yangu ya kwanza nilikuta amefunga kipande cha uzi kwenye nondo ya dirisha. Nikadhani ni dawa za kienyeji.

"Uzi huo unapepea kuelekea wapi?" akaniuliza.

"Kuelekea mlangoni, sista."

"Basi upepo unatoka ziwani. Wewe kaa dirishani, mgonjwa akae mlangoni. Hewa ipite kwako kwanza, ipite kwake, itoke nje. Ukikaa kinyume chake, utakuwa unavuta anachotoa yeye kutwa nzima. Na ukiugua usiseme umerogwa."

Hilo halikuwa kwenye vitabu vyangu vya chuo, au lilikuwepo nikalipita. Tangu siku hiyo kila chumba nilichoingia niliangalia kwanza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Mume wangu alikuwa ananicheka. Tukienda harusini, kabla sijamtazama bibi harusi nilishahesabu madirisha.

Anastazia ndiye aliyenifundisha pia kuchukua makohozi. Msicheke, hiyo ni nusu ya kazi. Mtu ukimwambia akohoe kwenye kikopo anakuletea mate. Ilibidi nimtoe nje, nyuma ya jengo, kwenye jua na upepo, nimwonyeshe namna ya kuvuta pumzi mpaka chini, aishike, kisha akohoe kutoka tumboni, na mimi nisimame kando, nisisimame mbele yake. Mzee mmoja kutoka Bujora alichoshwa na safari za kuja mjini, akamtuma kijana wake mwenye afya akakohoe badala yake. Nilipomuuliza, akanishangaa. "Kwani si damu yangu mwenyewe?" Tulicheka mpaka Anastazia akakosa pumzi tukamkalisha chini.

Zamani tulikuwa tunasubiri majibu ya darubini, na dawa nyingine zilikuwa sindano za kila siku, makalio ya watu yakawa magumu kama soli. Siku hizi mashine inakwambia siku ileile, na dawa zote ni vidonge. Kazi imekuwa nyepesi kwenye vyombo. Kwa watu haijawa nyepesi hata kidogo.

Miaka ile ya korona mliiona wenyewe. Kila mlango ndoo ya maji na sabuni, kila uso barakoa. Nilidhani sasa watu wamejua kwamba hewa ya mdomoni kwa mtu inaingia mdomoni kwa mwingine. Walichojua wengi ni kuogopa. Mtu akikohoa kwenye foleni ya benki, watu wanamtazama kama mwizi. Kwa hiyo waliokuwa na kikohozi cha kweli wakajifunza kumeza kikohozi, kukitafuna, kukohoa ndani ya shati. Hofu ilipokwisha, ndoo zikakauka na barakoa zikabaki kwenye misumari, lakini ile aibu ya kukohoa haikuondoka.

Ni baada ya hapo, nikikaribia kustaafu, ndipo daktari wa watoto wa hospitali kubwa alipotupigia simu. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu kutoka Igogo. Tumwite Neema. Ameletwa na homa na kutapika, shingo imekakamaa, sasa hafumbui macho. Kifua kikuu kimempanda kwenye utando wa ubongo.

Wanangu, hapo sikilizeni kwa makini. Mtoto mdogo akiugua kifua kikuu, msiishie kwake. Ni nadra mtoto wa umri huo kumwambukiza mtu, lakini yupo mtu aliyemwambukiza, na mara nyingi ni mtu mzima wa karibu, anayembeba, anayekula naye, anayelala naye. Mtu huyo bado anakohoa mahali fulani leo hii, na huenda kuna watoto wengine karibu naye. Swali la kwanza ni moja: nani anakohoa karibu na mtoto huyu?

Nikaenda Igogo. Mama yake Neema, nitamwita Limi, alikuwa hospitalini na mtoto. Nyumbani nilimkuta bibi, mama yake Limi, anachagua dagaa kwenye ungo. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma kingi ndani yake.

"Kalibu, sista. Mtoto anaendeleaje?"

"Bado wanahangaika naye, mama. Naomba nikuulize. Hapa nyumbani mnakaa wangapi?"

Walikuwa watatu tu: bibi, Limi na mtoto. Baba alishaondoka zamani. Nilimsikiliza bibi kifua, nikamuuliza habari za jasho la usiku, za kukonda, za kikohozi. Hana. Limi je? Hana kikohozi. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa na wanalala likiwa wazi, wameweka wavu. Mtoto alikuwa na kovu la chanjo begani, bibi alisisitiza nilijue hilo, kama mtu anayejitetea mahakamani. Nikamwambia ukweli kwamba chanjo inapunguza hatari, haiimalizi yote, na kwamba yeye hakukosea. Alilia hata hivyo.

"Mtoto alikuwa anakwenda wapi zaidi ya hapa? Kwa jirani? Shule ya watoto?"

"Hana shule. Alikuwa anakwenda kwaya tu na mama yake. Limi anaimba. Jumatano na Jumamosi."

Jumamosi hiyo nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikaketi nyuma kama mtu aliyekuja kusali.

Walikuwa kwenye chumba kando ya kanisa. Ukubwa wake ni kama nusu ya darasa. Majirani walikuwa wamelalamikia kelele za spika, basi wanakwaya wakaziba madirisha yote kwa maboksi na gundi. Mlango nao ukafungwa. Watu zaidi ya thelathini wamesimama bega kwa bega, wanaimba. Mnajua kuimba ni nini kwa kazi yetu? Ni kuvuta hewa mpaka chini kabisa na kuitoa kwa nguvu zote. Kama yumo mgonjwa mmoja, hewa ya chumba inajaa pumzi yake, na wengine wanaivuta mpaka chini kabisa. Ukutani zilining'inia barakoa zao za wakati wa korona, walizishona za kitenge cha sare, nzuri kweli, zina vumbi.

Waliimba vizuri. Sikufurahi hata kidogo. Nilikaa nikisikiliza kati ya mistari.

Mara ya kwanza nilidhani ni kiti kimeburuzwa. Kisha nikasikia tena. Ni kikohozi kifupi, kilichobanwa, cha mtu aliyezoea kukificha. Kilitoka mbele. Mwalimu wa kwaya aligeuka upande, akaweka leso mdomoni, mabega yakatikisika, akarudi kupiga kinanda kwa mkono mmoja kama hakuna kilichotokea.

Nitamwita Mwalimu Magesa. Alikuwa Mjita, mjane, mwalimu wa shule ya msingi kweli kweli na si wa kwaya tu. Nusu ya vijana wa mtaa ule aliwafundisha kusoma. Wanakwaya walimpenda. Pembeni ya kinanda palikuwa na kijikochi kidogo, na mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia bila kuulizwa, "Hapo ndipo anapokaa Neema. Mwalimu hawezi kuanza mazoezi bila kumpakata kwanza. Tunamwombea arudi."

Mazoezi yalipokwisha nikamsubiri nje.

"Shikamoo, mwalimu." Alinizidi umri kidogo.

"Marahaba, sista. Umekuja kujiunga nasi?"

"Nimekuja kwa ajili ya kikohozi chako. Kina muda gani?"

Akakunja uso. "Hiyo ni chaki. Miaka thelathini ya chaki, sista, kifua kinakuwa ubao."

"Inaweza kuwa chaki. Chukua kikopo hiki. Kesho asubuhi kabla hujala chochote, toka nje uwanjani, ukohoe humu, uniletee. Kama ni chaki nitakuomba radhi."

Alikipokea kikopo kwa vidole viwili, akakitia mfukoni haraka kama mtu anayeficha chupa ya gongo.

Hakuja kesho yake. Wala keshokutwa. Nilipita nyumbani kwake, mlango umefungwa. Shuleni sikwenda. Muuguzi wa kifua kikuu akionekana ofisini kwa mwalimu mkuu anamuulizia mwalimu fulani, habari zimeshafika kwa wazazi kabla hajaondoka. Hilo nalo mliweke akilini. Siri ya mgonjwa ni kama dawa yake. Ukiimwaga, hatarudi kwako, na asiporudi anaendelea kukoholea watu.

Neema akafariki katikati ya wiki, asubuhi, mama yake akiwa amekwenda kufua nguo zake bombani.

Tulimzika siku iliyofuata. Jeneza lilikuwa dogo kiasi kwamba kijana mmoja angeweza kulibeba peke yake, lakini wanaume wanne walilishika, ili pasikosekane heshima. Kwaya iliimba. Mwalimu Magesa aliongoza kwa mkono, amekonda ndani ya sare, na katikati ya wimbo kikohozi kikamshika. Safari hii hakikubali kubanwa. Aliinama, akakohoa kwa muda mrefu, leso imefunika mdomo wote, na kwaya ikaendelea bila mwongozo, kila mtu kwa mwendo wake. Alipoitazama leso yake, nilikuwa karibu kiasi cha kuona alichokiona.

Watu walipoanza kutawanyika akanijia. Hakusalimia.

"Sista, kile kikopo nilikitupa. Unacho kingine?"

Mashine ilitoa jibu mchana wa siku iliyofuata. Nilimkalisha mlangoni, mimi dirishani, nikampa barakoa, nikamweleza kwamba ni kifua kikuu, kinatibika, dawa ni bure, miezi sita, asiruke hata siku moja. Nikamwambia wiki za mwanzo alale chumba chake peke yake, dirisha wazi, asisimame mbele ya darasa wala mbele ya kwaya, barakoa akiwa na watu, akikohoa afunike kwa leso au kiwiko, makohozi kwenye kopo lenye mfuniko, asiteme chini. Baada ya dawa kufanya kazi atarudi kwa watu wake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayejua swali lake bado halijafika.

"Kaka yangu mkubwa alikufa kwa kifua, kule kijijini," akasema. "Walimtengea sahani. Walimtengea kibanda. Alipokufa tulimvuta kwa kamba, sista, hakuna aliyetaka kumshika. Mimi nilikuwa mdogo, lakini kamba niliishika. Ndiyo maana nikasema ni chaki."

Nikamsogezea dawa zake.

"Ni mimi?" akauliza.

Mtafundishwa majibu ya maswali mengi. Hilo hamtafundishwa.

"Mwalimu, sina mashine ya kunionyesha safari ya kidudu. Ninachojua ni kwamba nilitafuta mtu mwingine anayekohoa karibu na Neema, na sikumpata."

Akaomba maji, akameza dawa za kwanza mbele yangu, moja moja.

Tulilazimika kupima kwaya nzima na watoto wao. Nilikwenda kwenye mazoezi, nikatoa maboksi madirishani kwa mikono yangu, nikawaambia Neema aliugua ugonjwa unaopita kwenye hewa, hivyo kila aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja apimwe. Sikutaja mtu. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa, wakaambiwa ana homa. Watoto wadogo wakapewa vidonge vya kinga. Watu wawili wakakutwa na ugonjwa: yule mama wa sauti ya pili, na Limi mwenyewe. Kikohozi chake kilianza wiki ya msiba, kila mtu akadhani ni kilio.

Na mahali pasipotajwa mtu, watu hutafuta wa kumtaja. Kikohozi cha Mwalimu pale makaburini walikiita chaki na majonzi, hakuna aliyethubutu kumtilia shaka.

Kulikuwa na mwanakwaya mmoja, Mabula, sauti ya chini. Alikuwa anashusha samaki na dagaa pale sokoni Mwaloni. Mwembamba kwa maumbile, zamani alikunywa pombe, akaacha. Wiki hizo alikuwa na mafua ya kawaida, anapiga chafya. Basi. Hakuna aliyesema wazi. Ila siku moja nilikwenda kuwaletea majibu, nikaona chai inagawiwa, vikombe vyote vya bati, kimoja cha plastiki chekundu. Chekundu akapewa Mabula. Kwenye benchi lake alikaa peke yake.

Nikawaambia palepale kwamba kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Kinapita hewani, kwa mtu anayekohoa ambaye hajatibiwa, ndani ya chumba kisicho na hewa. Wakaitikia, "Kweli, sista." Juma lililofuata kikombe chekundu kilikuwa palepale.

Majibu ya Mabula nilikuwa nayo. Alikuwa mzima. Lakini ningesimama niseme, "Mabula ni mzima," kesho yake wangenijia na jina la pili, la tatu, mpaka wafike kwa ninayemficha. Mabula mwenyewe nilimwambia yuko salama. Akaniambia, "Naomba uwaambie wao, sista, mimi nilishajua."

Kisha Limi akaenda Mwaloni. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na wengi. Alimkuta Mabula ana gunia begani, mbele ya wenzake na wachuuzi, akamwambia, "Umeniulia mwanangu na unaendelea kubeba chakula cha watu." Mabula alishusha gunia taratibu. Jioni ile tajiri wake alimwambia apumzike kwanza mpaka maneno yapoe. Maneno ya namna hiyo hayapoi.

Nikaenda kwa Mwalimu Magesa. Alikuwa ameshameza dawa wiki kadhaa, kikohozi kimekata, tulishampima tena na alikuwa si hatari kwa mtu. Nilimkuta kwenye ua, anasahihisha madaftari ya watoto.

"Mwalimu, mimi mdomo wangu umefungwa na kazi yangu. Siwezi kuufungua hata mtu akiumia. Wako haujafungwa na mtu."

Nikamsimulia habari za Mwaloni. Aliweka kalamu chini.

"Wataondoa watoto wao darasani kwangu."

"Wengine wataondoa."

"Na Limi?"

"Limi sijui, mwalimu."

Jumamosi mazoezi yalifanyika nje, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kanisa, pale ambapo hewa ya ziwa inapita bila kizuizi. Mwalimu alikuja amevaa barakoa ya sare. Hakuihitaji tena, nilishamwambia. Aliivua, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mabula hayupo," alianza. "Hayupo kwa sababu yangu. Mabula ni mzima. Mwenye kifua kikuu ni mimi. Nilikohoa muda mrefu nikasema ni chaki. Sista aliponipa kikopo nilikitupa. Nilisimama mbele yenu kwenye chumba kilichozibwa, nikawafundisha kuvuta pumzi."

Limi alikuwa mstari wa mbele, amevaa nguo nyeusi.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua nakohoa. Niliogopa kujua zaidi."

"Ulikuwa unampakata."

"Nilikuwa nampakata."

"Kila Jumamosi."

"Ndiyo, mama. Kila Jumamosi na kila Jumatano."

Limi alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakifunga upya, akakifunga tena, kama mtu asiyejua mikono yake iende wapi. Kisha akashuka kwenye jiwe, akaenda zake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Siku mbili baadaye Mwalimu akaniomba nimsindikize kwa Mabula. Tulimkuta nyumbani kwake, bado hajaitwa kazini. Alitukaribisha vizuri, akatutolea viti nje. Mwalimu mwenye umri ule alipiga magoti kwenye mchanga kabla hatujamzuia.

"Inuka, mwalimu, watu wanaona," Mabula akasema. "Nimekusamehe. Kweli nimekusamehe."

"Basi rudi kwaya. Nitakusimamisha katikati."

Mabula akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe uliogopa ugonjwa, hilo naweza kulielewa. Wale waliniogopa mimi. Nikifungua mdomo kuimba nitakuwa natazama nani anageuza uso. Siwezi kuimba hivyo."

Hakurudi. Alihamia visiwani kwa mjomba wake, na nasikia huko anasali kanisa lisilo na kwaya.

Wapo wazazi walioondoa watoto darasani kwa Mwalimu, na wapo waliowarudisha. Kwaya ilipungua. Madirisha hayakuzibwa tena, majirani wakaendelea kulalamika, na hilo ndilo jambo pekee kwenye habari hii lililonifurahisha.

Ila nyie mnataka kujua habari za Limi. Siku ya kuchukua dawa tulikuwa tunawakalisha wagonjwa kwenye benchi nje, kivulini, wameachiana nafasi. Yeye na Mwalimu walikuwa na siku moja. Nilijaribu kuwatenganisha siku, Limi akakataa. "Siwezi kuacha biashara siku nyingine kwa ajili yake." Basi kila mara walikaa benchi moja, yeye mwisho huu, Mwalimu mwisho ule. Mwalimu alikuwa anasema, "Habari za leo, Limi." Limi alikuwa anatazama barabarani. Ilikuwa hivyo miezi yote. Kumeza alimeza, hakukosa hata siku moja, na kila nilipomsifu alinitazama kama nimemtukana.

Siku Mwalimu alipokuja kwa mara ya mwisho, amepona, amenenepa kidogo, nilitoka mlangoni na karatasi yake ya kumaliza dawa mkononi. Nikamsikia akisema, kama kawaida, "Habari za leo, Limi."

Limi hakugeuka. Lakini alijibu.

"Neema alikuwa hataki kulala mpaka aimbe ule wimbo wako wa mvua," alisema. "Anauimba mpaka analala katikati ya neno. Mimi sasa nikifumba macho naisikia sauti yake, halafu nasikia yako. Naomba uniambie, mwalimu, nifanyeje ili nibaki na ya kwake peke yake."

Mwalimu aliweka mikono juu ya magoti. Machozi yakamshuka bila kuyafuta, na Limi naye akabaki palepale, hakusogea mbali zaidi wala hakusogea karibu.

Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri. Niliiweka karatasi ya Mwalimu mfukoni, nikarudi ndani, nikaita jina la aliyefuata.